Hedifoni moja ya kurekodia na kumiksia singeli chumbani

Swali: Shikamoo mwalimu. Natengeneza muziki wa singeli chumbani kwangu Mbagala, chumba cha mita 3 kwa 3, na ma-MC nawarekodi humohumo. Namiksi kwa hedifoni ya Bluetooth yenye besi nzito. Humo wimbo unanoga, lakini ukipigwa kwenye sherehe ya mtaani, kigodoro, unasikika mwembamba kuliko nyimbo za wenzangu, herufi "s" za MC zinachoma masikio, na kwenye simu besi haipo kabisa. Nimedunduliza laki tano. Ninunue hedifoni iliyozibwa au ya wazi, ya omu ngapi, na je, ni kweli kwamba ikiwa mpya lazima iachwe ikiimba saa 100 kwanza?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hatujafika dukani nitazungumzia kwanza hitilafu ulizozitaja, kwa sababu mbili kati ya hizo, yaani wembamba wa wimbo na zile "s" zinazochoma, yaelekea zimezaliwa na hedifoni uliyonayo, na usipoelewa zimezaliwaje unaweza kununua nyingine yenye ugonjwa uleule kwa bei kubwa zaidi.

Hedifoni nyingi za Bluetooth zinazouzwa kwa wasikilizaji wa kawaida hutengenezwa ili zimpendeze mtu tangu sekunde za mwanzo, ndiyo maana besi yake huongezwa kiwandani na mara nyingi sauti za juu hulainishwa zisichoshe. Kwa abiria aliyeketi kwenye daladala hilo halina ubaya wowote. Anayemiksi, hata hivyo, mkono wake hufuata sikio: akisikia kiki, yaani lile pigo zito la ngoma ya chini, imekwisha kujaa huishusha, na akisikia sauti ya MC kama imefunikwa blanketi humpandishia masafa ya juu mpaka afunguke. Kumbe kiki haikuwa imejaa wala MC hakuwa amefunikwa. Wimbo unapotoka humo na kwenda kwenye spika za kigodoro, ambazo hazina habari na marekebisho ya kiwanda kile, kinachosikika ni kinyume cha hedifoni yako, yaani besi pungufu na "s" kali. Mimi nikisikiliza miksi tatu za kijana mmoja huwa naweza kukisia tabia za hedifoni yake bila kuiona, kwa sababu zote zimo mle zikiwa zimepinduliwa.

Zaidi ya hapo, Bluetooth huchelewesha sauti. Kwa mfumo wake wa kawaida wa kusafirisha sauti, ucheleweshaji wa milisekunde 150 hadi 250 si jambo la ajabu. Singeli inakwenda kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Ukiichukua ya mapigo 240, pigo moja lina milisekunde 250, kwa hiyo MC anayejisikiliza kwa hedifoni ya namna hiyo wakati wa kurekodi anaweza kuachwa nyuma karibu pigo zima. Mwimbaji wa taarabu angepotea kidogo kuliko huyo, ingawa naye angenuna. Basi uamuzi wa kwanza hauna mjadala: hedifoni yako mpya iwe ya waya, na isiwe na mitambo ya kuongeza besi wala ya kuondoa kelele.

Wapo watakaokuambia kwamba laki tano hizo uziweke kwenye spika, kwa kuwa miksi ya kweli hufanywa kwa spika. Wana hoja, ila wanakisahau chumba chako. Katika joto la Dar es Salaam sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, na katika chumba ambacho kuta zake zimeachana mita 3, wimbi ambalo nusu yake inaenea sawasawa kati ya kuta hizo ni la hezi 58 hivi, yaani mitetemo 58 kwa sekunde, pale hasa kiki na besi ya singeli zinapokaa. Ukiketi katikati ya chumba, masafa hayo yanapungua mno. Ukiegemea ukuta, yanavimba. Kwa kuwa urefu na upana wa chumba chako ni sawa, tatizo la upande mmoja linaangukia masafa yaleyale ya upande wa pili, na hivyo linazidi makali. Sponji nyembamba za kubandika ukutani hazigusi mawimbi marefu kiasi hicho. Hedifoni haina kuta za chumba, na kwa besi ya chumba kidogo ninaiamini kuliko spika za bei hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye kuzibwa na kuwa wazi. Hedifoni iliyo wazi ina vikombe vyenye matundu au wavu upande wa nyuma, kwa hiyo hewa na sauti hupita. Iliyozibwa ina vikombe vigumu vinavyozuia sauti isitoke wala isiingie sana. Ya wazi kwa kawaida husikika kwa upana wa asili zaidi na haichoshi upesi, kwa sababu sauti ya nyuma ya kiwambo, ile ngozi nyembamba inayotetemeka ndani ya kikombe, haigongi ukuta wa kikombe na kurudi sikioni. Lau ungekuwa unamiksi tu, usiku, mahali palipotulia, ningekuelekeza huko bila kusita. Lakini umesema unarekodi ma-MC humohumo. Mtu akivaa hedifoni ya wazi mbele ya maikrofoni, biti yote inavuja na kuingia kwenye rekodi yake, na kwa singeli, ambako biti ni kubwa na MC hanyamazi, uvujaji huo utakuja kukusumbua kila utakapogusa kompresa, ile programu ya kubana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Tena kuna feni, bodaboda na mvua juu ya bati. Hayo yote hedifoni ya wazi huyakaribisha ndani. Kwa mwenye fedha ya hedifoni moja, anayefanya kazi zote mbili katika chumba kimoja, jibu langu ni iliyozibwa.

Ukiniuliza jina, ningeanza na Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80. Sponji zake za kukalia masikioni ni za kitambaa laini kama mahameli, jambo ambalo kwa jasho letu ni neema, na karibu kila kipande chake hununuliwa peke yake na kubadilishwa. Waya wake hauchomoki, kwa hiyo ukikatika utamhitaji fundi wa kuchomelea risasi. Huo ni udhaifu, lakini fundi redio yeyote wa mtaani anauweza. Tabia zake za sauti zinafahamika: besi imeongezwa kidogo, na kuna mnyanyuko mkali kwenye masafa ya kilohezi 8 hivi. Kwa hiyo utazisikia "s" za MC kwa ukali kuliko zilivyo, na hatari yako mpya itakuwa kuzilainisha kupita kiasi. Kwako wewe, ambaye umekuwa ukizinoa bila kujua, hiyo ni hatari ninayoipendelea, mradi uikumbuke.

Sony MDR-7506 iko sokoni tangu mwaka 1991 na bado inaonekana kwenye studio na vituo vya redio. Ni nyepesi, ina omu 63, na inaanika makosa ya sauti ya mtu bila huruma: mate, pumzi, mahali ulipokata rekodi vibaya. Sponji zake za ngozi bandia hunyauka na kubanduka vipandevipande vyeusi vinavyoganda sikioni. Ukimwona mtu ana vidoa vyeusi kuzunguka masikio, huenda si uchafu, ametoka kumiksi. Audio-Technica ATH-M40x nayo inafaa, na kwa kumiksi naichagua mbele ya ndugu yake maarufu ATH-M50x, ambayo besi yake imesukumwa zaidi. AKG K371 ilitengenezwa ikifuata utafiti wa kampuni ya Harman, ulioongozwa na Sean Olive, kuhusu ulinganifu wa sauti ambao wasikilizaji wengi huuona wa haki; kwa ulinganifu wa masafa ndiyo ninayoipenda zaidi kati ya hizi, lakini besi yake hupotea upesi sana sponji zisipokaa sawa kichwani, nalo ni jambo nitakalolirudia. Siku utakapopata ya pili, iwe ya wazi: Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997 na ambayo watu hawajachoka kuipimia nyingine.

Usishangae kwamba nimeitajia kila moja kasoro zake. Spika za Yamaha NS-10, zile zenye koni nyeupe zilizotoka mwaka 1978, zilitawala studio nyingi duniani ilhali hazikuwa tamu wala hazikuwa na besi ya maana. Mafundi walizijua, basi. Walijua kwamba sauti ya mwimbaji ikikaa vizuri humo, itakaa vizuri popote.

Kuhusu omu, vijana wengi huamini kwamba nyingi ni ubora, kana kwamba zinahesabiwa kama nguvu za injini. Omu ni ukinzani tu wa hedifoni dhidi ya umeme wa sauti. DT 770 Pro huuzwa kwa omu 32, 80 na 250. Ili kuipa milwati moja ya nguvu, ile ya 80 inahitaji volti 0.28 na ile ya 250 inahitaji volti 0.5, yaani takriban desibeli 5 zaidi kutoka kwenye kadi yako ya sauti, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na maikrofoni na hedifoni. Kadi ndogo inayopata umeme kwa USB inaweza kuishiwa pumzi hapo, hasa kwa wimbo wenye sehemu za sauti ndogo na za sauti kubwa, nawe ukajikuta umefungulia hadi mwisho na bado unatega sikio. HD 600 ina omu 300 na hesabu yake ni hiyohiyo. Chukua ya 80, usinunue amplifaya ya ziada, fedha inayobaki itunze kwa ajili ya sponji.

Na hizo sponji ndizo ninazotaka tukae nazo kidogo, maana ndizo zinazowaangusha watu wengi kuliko omu zote. Katika hedifoni iliyozibwa, besi hujengwa na hewa iliyofungiwa kati ya kiwambo na sikio. Hewa ikipata upenyo, besi inatoroka. Jaribu mwenyewe: vaa hedifoni, cheza kiki peke yake, kisha ingiza ncha ya kidole kati ya sponji na shavu, chini ya sikio. Kiki itageuka kuwa kama mtu anayegonga kopo. Toa kidole, inarudi. Sasa fikiria kwamba upenyo kama huo unatengenezwa na mkono wa miwani, na misuko minene, na kofia, au na sponji ambayo imeisha na kuwa bapa kama chapati.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Nilianza kuvaa miwani ya kusomea, yenye mikono minene, na kwa muda mrefu sikuyahusisha mambo hayo mawili. Nikamiksi wimbo wa harusi nikiwa na miwani usoni, nikaona besi haitoshi, nikaongeza desibeli 3, kisha 2 nyingine. Ukumbini, bibi harusi alipokuwa anaingia, meza za mbele zilianza kutetemesha glasi, na fundi mitambo akashusha kila kitu mpaka maneno yenyewe hayakusikika. Nilirudi nyumbani, nikafungua kazi ileile, nikavua miwani ili niifute, na besi ikanijia usoni kama wimbi. Tangu siku hiyo huvua miwani kila nikigusa masafa ya chini ya hezi 200, hata kama sioni vizuri maandishi kwenye kioo. Nawe ukikuta ma-MC wako wanalalamika kwamba biti "haina uzito" masikioni, tazama kwanza nywele zao kabla ya kupandisha kiki.

Yapo mambo ambayo hakuna hedifoni itakayokuambia vizuri. Mtu akisikiliza spika, sikio la kushoto husikia pia spika ya kulia, kwa kuchelewa kidogo na kwa sauti iliyopungua. Kwenye hedifoni, cha kushoto hubaki kushoto peke yake. Ndiyo maana kinanda ulichokipeleka kushoto kabisa kinaonekana kimepangwa kwa ustadi humo, halafu kwenye spika kinakuwa kama kimepotea njia. Kwa sababu hiyohiyo sauti ya MC, ambayo kwenye hedifoni inakaa katikati ya kichwa ikiwa wazi kabisa, huelekea kuachwa chini. Kwa mazoea yangu, ninapodhani nimemaliza huipandisha kwa desibeli moja na kuisikiliza tena kwenye spika. Kuna programu jalizi zinazochanganya kidogo kushoto na kulia ili kuiga spika. Mhandisi Benjamin Bauer alieleza sakiti ya kufanya hivyo tangu mwaka 1961. Zijaribu, lakini kilicho muhimu zaidi kwako ni kitufe cha mono, kinachochanganya kushoto na kulia kuwa sauti moja. Spika za kigodoro mara nyingi hupiga mchanganyiko mmoja pande zote, na spika za simu ziko karibu mno kuonyesha upana wowote. Ala ikitoweka ukibonyeza mono, itatoweka na huko.

Hapa pia ndipo penye jibu la besi isiyosikika kwenye simu, ambalo nililiacha kwa makusudi, kwa kuwa hedifoni mpya haitalitatua. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa hezi 55. Sikio, kwa bahati njema, likisikia hezi 110, 165 na 220 kwa pamoja hujijazia lenyewe ile 55 ambayo haipo. Kwa hiyo besi yako ipitishe kwenye programu ya kuichafua kidogo ili izae masafa hayo ya juu yake, kisha isikilize kwenye simu yenyewe, ukiwa umeishika mkononi kama msikilizaji wako anavyoishika.

Ukishanunua, usimiksi kazi ya mtu kwa siku chache za mwanzo. Chukua nyimbo 5 ambazo umezisikia mara nyingi kwenye kigodoro na unajua zinavyofanya kazi pale, zisikilize kwa hedifoni mpya, na uandike: kiki iko mbele au nyuma ya sauti, "s" zinaumaje, besi inaanzia wapi. Weka wimbo mmoja kati ya hizo ndani ya mradi wako, uushushe mpaka ulingane kwa ukubwa wa sauti na miksi yako, kwa sababu wimbo uliokwisha kukamilishwa una sauti kubwa na kikubwa siku zote huonekana kizuri, kisha uwe unaruka kutoka kimoja hadi kingine. Hilo litakufaa kuliko jina la hedifoni. Wenye kutumia Windows wana programu ya bure ya kupandisha na kushusha masafa, Equalizer APO, ambayo unaweza kuitilia marekebisho yaliyopimwa kwa kila modeli kutoka mradi wa AutoEq. Mimi huitumia, ila kwa nusu ya kiasi kinachopendekezwa, kwa sababu kichwa kilichotumika kwenye vipimo si changu na sponji zangu si mpya tena. Ukiitumia, usiwe unaiwasha leo na kuizima kesho; utakuwa unamiksi kwa hedifoni mbili bila kuijua hata moja.

Sauti iwe ndogo. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi kwa udhaifu sauti inapokuwa chini na kwa nguvu inapopanda, kwa hiyo anayemiksi kwa kelele hujiona ana besi ya kutosha na anayesikiliza kwa sauti ya kawaida haioni. Chagua alama moja kwenye kitufe cha kadi yako, ibandikie utepe, ufanye kazi hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwa desibeli 89 umebakiwa na saa 5 tu. Mtu anayekesha na singeli huzimaliza hizo kwa usiku mmoja.

Dukani nenda na laptopu yako na kadi yako ya sauti. Modeli maarufu zina bandia zinazofanana nazo sana kwa macho, maboksi yakiwemo, hivyo usimwamini mtu anayekukataza kuijaribu. Andaa mlio unaopanda taratibu kutoka hezi 20: ikiwa unausikia kuanzia 30 au 40, bila kitu kinachotetemeka ndani ya kikombe, hiyo ni dalili nzuri. Kisha cheza sauti ya mtu kwa mono. Isipokaa katikati kabisa ya kichwa, geuza hedifoni, kushoto iwe kulia. Sauti ikihama upande, hedifoni ina kasoro. Ikibaki upande uleule, kagua kadi yako, na ikiwa kadi ni nzima, nenda kwa daktari wa masikio.

Na zile saa 100. Vipimo vinavyolinganisha hedifoni mpya na ileile ikiwa imetumika huonyesha tofauti ndogo mno kwenye kiwambo. Kinacholainika ni sponji kwa joto la mashavu yako, na kinachozoea ni sikio. Kuiacha ikiimba peke yake chini ya mto hakusaidii chochote. Zivae wewe hizo saa 100, ukiwa na zile nyimbo 5.